Namna ya Kufungua Diski Iliyosimbwa Katika Mfumo wa Linux

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu nchini Tanzania kuzilinda zisifikiwe na wasiohusika. Miongoni mwa njia za kutekeleza wajibu huo ni kusimba diski, ili ikiibwa isisomeke. Hata hivyo, ulinzi huo hauna budi kwenda sambamba na ujuzi wa kuifungua diski kompyuta inapoharibika.

Katika Linux, usimbaji wa diski hufanywa zaidi kwa LUKS, utaratibu uliobuniwa na Clemens Fruhwirth mwaka 2004. Ufunguo mkuu huhifadhiwa mwanzoni mwa diski, ukiwa umefungwa kwa nywila. Toleo la kwanza lina nafasi 8 za nywila na la pili hadi 32. Hivyo kila mtumishi aliyeidhinishwa huweza kupewa yake, na ya anayehama ikafutwa bila kusimba diski upya.

Kompyuta za mezani kwa kawaida huomba nywila zenyewe diski ya nje inapochomekwa. Kwenye seva, kazi hiyo hufanywa kwa amri, kwa hatua zifuatazo:

1. Kutambua diski: lsblk -f. Iliyosimbwa huonyeshwa kwa jina crypto_LUKS.

2. Kuifungua, mathalani ikiwa ni sdb1: sudo cryptsetup luksOpen /dev/sdb1 nyaraka. Nywila haionekani inapoandikwa.

3. Kuiunganisha ili isomeke: sudo mount /dev/mapper/nyaraka /mnt

4. Baada ya kazi, kuiondoa na kuifunga: sudo umount /mnt, kisha sudo cryptsetup luksClose nyaraka. Diski iliyoachwa wazi haina ulinzi.

Tahadhari kubwa ni kwamba sehemu ile ya mwanzo ikiharibika, hata nywila sahihi haifungui kitu. Kompyuta yenye Windows huweza kupendekeza diski hiyo ifomatiwe. Pendekezo hilo lisikubaliwe. Nakala ya sehemu hiyo hutolewa kwa amri ya cryptsetup luksHeaderBackup, na ihifadhiwe mahali salama mbali na diski, kwa kuwa nywila iliyofutwa baadaye bado huifungua nakala ya zamani.

Nywila zote zikisahaulika, hakuna fundi awezaye kuzirejesha taarifa hizo. Kwa hiyo nywila ya akiba haina budi kutunzwa chini ya usimamizi wa taasisi, isibaki kichwani mwa mtumishi mmoja.