Kutu ya Paa la Gari Itibiwe Mapema

Wenye magari ya zamani huangalia sana injini na breki, lakini paa hulisahau kwa kuwa liko juu ya macho yao. Siku mvua inapolowesha viti, ndipo hutambua ya kwamba adui amekwisha kuingia. Kwa jamaa inayopata riziki yake kwa gari hilo, hasara hiyo si ndogo.

Kutu huzaliwa pale chuma kinapokutana na maji pamoja na hewa. Katika gari kama Peugeot 504, lililotokea Ufaransa mwaka 1968, mahali pa kuchunguzwa kwanza ni mifereji ya pembeni mwa paa, kwenye mpira wa kioo cha mbele, na pale keria inapokwaruza rangi. Majani na vumbi vikijazana humo hushika unyevu siku nyingi.

Rangi iliyovimba mfano wa malengelenge ibonyezwe kwa ncha ya bisibisi. Bati likiwa gumu, kutu ni ya juu tu. Na ikwanguliwe kwa brashi ya waya na msasa namba 80 mpaka chuma king'ae, kisha vumbi na mafuta vifutwe kwa kitambaa chenye spiriti. Rangi ya kuzuia kutu ipakwe siku iyo hiyo, maana umande wa usiku mmoja watosha kuirudisha kutu. Ikikauka, isuguliwe kwa msasa laini, ndipo ipakwe rangi ya gari.

Bisibisi ikitoboa, dawa ni kukata bati bovu lote na kuchomea kiraka cha unene ule ule. Kabla ya moto, kitambaa cha dari kiondolewe na betri ifunguliwe. Fundi achomee nukta nukta, akiliacha bati lipoe, kwani paa ni jembamba na joto hulikunja.

Wako mafundi wajazao tundu kwa puti na kulifunika kwa rangi. Puti hufaa kusawazisha bonde dogo, lakini haiwi chuma. Chini yake kutu huendelea kula. Anayenunua gari na apitishe sumaku juu ya paa: isiponasa, ajue pana puti nene.

Vumbi la rangi ya zamani laweza kuwa na madini ya risasi. Basi fundi afunike pua, na watoto wakae mbali. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.