Fundi wa Kinoo na Fedha Zisizolipwa

Kinoo ni mji mdogo kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru, ukiisha kupita Uthiru na kabla ya kufika Muthiga. Watu wengi huuhesabu kuwa sehemu ya Nairobi, lakini umo katika Kaunti ya Kiambu. Mahali palipokuwa mashamba sasa pamesimama majumba ya kupangisha, na penye ujenzi hapakosi fundi wa vyuma, muuza saruji na mwenye lori la mchanga. Watu hawa wote wana ugonjwa mmoja: kazi imekwisha, mzigo umepokewa, na malipo hayaonekani.

Wazee wanaokumbuka miaka ya 1950 wanajua kwamba wakati ule sheria ya kikoloni ilimzuia Mwafrika kupata mkopo mkubwa dukani. Mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha zaidi ya shilingi 200 bila kibali hakuweza kumdai mahakamani. Kizuizi hicho kiliondoka zamani. Siku hizi mkopo hutolewa kwa neno la mdomo tu, hata wa laki kadhaa, na hapo ndipo taabu inapoanzia.

Tuseme fundi ametengeneza malango mawili na madirisha ya ghorofa tatu kwa bei ya shilingi 180,000. Amepewa 60,000 za kununulia vyuma. Malango yamekwisha kusimamishwa na wapangaji wameingia, lakini mkandarasi husema, "Ngoja mwisho wa mwezi, fundi wangu." Mwezi huisha, na simu haipokewi. Wakati huo fundi mwenyewe anadaiwa na duka la vyuma, vijana wake wawili hawajapata mshahara, na shule inataka karo. Kwa kweli yeye ndiye anayemkopesha mkandarasi, tena bila riba. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini kwa fundi huyu matanga yamemwangukia yeye aliyekopesha.

Si kila mdeni ni mwongo. Mkandarasi naye pengine anangoja fedha za serikali ya kaunti, na kila mtu anajua jinsi malipo hayo yanavyochelewa. Kwa hiyo yafaa kwanza kuuliza kwa upole sababu ya kuchelewa, mkiwa wawili tu. Kumfokea mtu mzima mbele ya wapangaji wake, au kwenda usiku kung'oa lango ulilomfungia, ni kujitia hatiani wewe uliyekuwa na haki.

Maneno ya upole yakishindwa, andika barua, nayo iwe fupi:

"Bwana, tarehe 4 Machi nilimaliza kazi ya malango na madirisha katika nyumba yako ya Kinoo, nawe ukaipokea. Bei ilikuwa shilingi 180,000, umelipa 60,000, zimebaki 120,000. Naomba unilipe katika muda wa siku 14. Usipolipa, nitapeleka dai langu mahakamani bila kukuandikia tena."

Barua kama hiyo haina tusi wala kisa kirefu. Mpe mwenyewe mkononi, naye atie sahihi katika nakala yako. Sahihi hiyo ni mali. Kwa sheria ya Kenya deni la mapatano hudaiwa katika muda wa miaka 6. Lakini mdeni akikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake, au akilipa sehemu, hesabu ya miaka huanza upya.

Jambo moja huwadanganya wengi, nalo ni hundi yenye tarehe ya mbele. Mkandarasi huandika hundi leo, akaweka tarehe ya miezi miwili ijayo, na fundi hurudi nyumbani akifurahi, akidhani kwamba hundi ikirudi polisi watamkamata mwandishi wake. Kifungu cha 316A cha Sheria ya Adhabu humshitaki atoaye hundi pasipo fedha za kutosha benki, lakini kinaiacha nje hundi yenye tarehe ya mbele. Ihifadhi kama ushahidi wa deni. Usiihesabu kuwa fedha.

Tangu Aprili 2021 kuna njia ambayo baba zetu hawakuwa nayo. Mwezi huo Mahakama ya Madai Madogo ilifunguliwa Milimani, Nairobi, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2016, na baadaye mahakama za namna hiyo zikafunguliwa katika miji mingine. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwamo ya bidhaa zilizouzwa na kazi iliyofanywa. Shauri hutakiwa kumalizika katika siku 60 tangu kufunguliwa. Mtu aweza kusema shauri lake mwenyewe bila wakili, na mwamuzi hafungwi sana na kanuni ngumu za ushahidi.

Hata hivyo mwamuzi hawezi kuyaona mapatano yaliyokuwa vichwani mwa watu wawili. Fundi aende na ankara, hati ya kupokea mzigo yenye sahihi, nakala ya barua, na ujumbe wa simu pamoja na wa M-Pesa wa zile 60,000. Ujumbe wa M-Pesa waonyesha siku na kiasi, na watu huufuta ovyo ili kupata nafasi katika simu! Kama anataka riba kwa kuchelewa, hilo liwe limeandikwa katika mapatano tangu mwanzo.

Hukumu nayo haibebi fedha. Mdeni asipolipa baada ya kushindwa, mdai hurudi mahakamani kuomba amri ya kukamata mali, na kazi hiyo hufanywa na dalali mwenye leseni, ambaye naye ana gharama zake. Kwa sababu hiyo, mdeni akija katikati ya shauri akaomba kulipa kwa mafungu, mara nyingi ni afadhali kukubali: shilingi 40,000 kila mwezi kwa miezi mitatu, tarehe zitajwe, mapatano yaandikwe na kutiwa sahihi, kisha yapelekwe mbele ya mwamuzi yaingizwe katika daftari ya mahakama.