Plani ya umeme: ginsi ya kutofautisha kazi ya zamani na kazi mpya

Wakati shule ao kituo cha afya kinaongezewa vyumba, kazi ya umeme haianzi kwenye sifuri. Kuko waya, tablo na prizi za zamani zenye zitabaki. Kuko zingine zenye zitaondolewa. Kiisha kuko zile mpya. Kama plani haionyeshi tofauti, fundi anaweza kukata waya yenye iko na umeme ndani, ao kamati inanunua kebo yenye tayari iko ndani ya ukuta.

Siku hizi plani nyingi zinachorwa kwa kompyuta, na programu kama AutoCAD, yenye ilitoka mwaka 1982. Ndani yake mchoraji anapanga kazi kwa kalke: ni kama karatasi zenye kupitisha mwangaza, moja juu ya ingine. Kalke moja inabeba vitu vya zamani, ingine vya kuondoa, ingine vipya. Kila moja inaweza kufungwa ao kufunguliwa peke yake.

Majina ya kalke yanasaidia pia. Kanuni ya michoro yenye inatumiwa Marekani inaweka herufi moja mwisho wa jina: E kwa kitu chenye kinabaki, D kwa cha kuondoa, N kwa kipya. Mchoraji anaweza kuchagua herufi zingine, lakini lazima aziandike kwenye lejandi.

Kwenye karatasi, desturi ni hii: cha zamani kinachorwa na mustari mwembamba, mara nyingi wa kijivu, kipya na mustari munene na mweusi, cha kuondoa na mustari wa kukatika-katika. Hapa kuko mutego: kwenye plani za umeme, mustari wa kukatika unaweza pia kuonyesha kebo yenye inapita chini ya udongo. Kwa hiyo ni vizuri kuongeza alama ya X ao neno "ondoa".

Rangi je? Ufaransa, kwenye plani za majengo, manjano ni ya kubomoa, nyekundu ni ya kujenga. Lakini plani ikipita kwenye fotokopi ya mweusi na mweupe, rangi zote zinakuwa sawasawa. Unene wa mustari na maandishi ndiyo yanabaki.

Hata plani nzuri haitoshi. Plani ya zamani mara nyingi haionyeshi waya zenye ziliongezwa kiisha. Mchoraji anapaswa kwanza kutembelea jengo, kufungua tablo na kuhesabu laini. Naye fundi, mbele ya kukata, azime umeme na apime na testeri.

Mbele kamati haijatia sahihi, iulize mambo matatu: Lejandi iko wapi? Nini inabaki? Nini inaondolewa? Kama majibu hayaonekani kwenye karatasi, plani irudi kwa mchoraji.