"Umelala?": Salamu ya Kyela na Mashaka ya Moyoni

Wanachama wapenzi,

Tuliahidi kuwaeleza tuliyoyaona Kyela, ambako Halmashauri ilituma watu watatu kwenda kutazama namna wakulima wa kakao wanavyochachusha, kukausha na kuuza mazao yao. Habari za kakao tutazileta katika toleo lijalo, inshallah. Leo tumeona tutangulize jambo jingine tulilojifunza huko, kwani latuhusu sisi wenyewe, na twaamini wanachama wengi litawahusu pia. Nalo ni mashaka ya moyoni, yale ambayo madaktari wa siku hizi huyaita msongo wa mawazo.

Kyela iko katika Mkoa wa Mbeya, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Msafiri akitoka Tukuyu, penye baridi, chai na migomba, huteremka mpaka akafika bonde tambarare lenye joto kama la kwetu Pemba. Upande wa mashariki husimama Milima ya Livingstone kama ukuta, ikashuka mpaka ziwani karibu na Matema. Upande wa magharibi hupita Mto Songwe, ulio mpaka wa Tanzania na Malawi. Mchele wa Kyela wajulikana nchi nzima, na sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka huko. Mvua ni nyingi mno, na masika yakizidi, mito kama Kiwira na Mbaka hufurika ikaingia mashambani.

Wenyeji wa huko, Wanyakyusa, humwamkia mtu kwa kusema "Ugonile", na wakiwa watu wengi "Mugonile". Maana yake ni kuuliza: umelala? mmelala? Nasi twaulizana vivyo hivyo kila asubuhi, na kila mtu hujibu "salama" hata kama hakufumba jicho. Lakini mzee mmoja mkulima wa kakao, aliyetupokea kwake karibu na Ipinda, alipotuamkia nasi tukajibu upesi, alitutazama usoni akasema, "Mwanangu, nimekuuliza kama umelala. Macho yako yasema hukulala."

Alisema kweli, na sababu yake ni haki ya wanachama kuijua. Hapa tusemapo "sisi" ni Katibu peke yake. Wenzetu wawili tuliofuatana nao hawana lawama.

Msimu uliopita, usiku mmoja wa mvua, tulipokea magunia ya karafuu ghalani tukatia sahihi bila ya kuyahesabu mara ya pili, kwa kuwa kila mtu alikuwa mbioni kuanua majamvi. Baadaye hesabu ya kitabu na hesabu ya ghala zikapishana kwa magunia 2. Kosa lilikuwa letu. Ilitupasa kumwambia Mweka Hazina siku ile ile, lakini tulijiambia moyoni: labda yataonekana. Siku ikawa wiki, na wiki ikawa mwezi.

Tukaanza kuamka saa nane za usiku na kuyahesabu magunia kitandani mpaka alfajiri. Kifua kikabana, chakula kikawa hakipiti. Mtoto akiangusha kikombe twamfokea kama aliyeangusha nyumba. Barua moja twaisoma mara tatu na maneno hayakai kichwani. Mwisho tukawa hatupiti tena mbele ya ghala, na Mweka Hazina tukimwona kwa mbali twageuza njia. Tulidhani ni homa, tukanywa dawa za homa. Hatukujua kwamba ni maradhi ya neno lisilosemwa.

MWILI HUFANYA NINI

Yafaa kwanza tujue kwamba mashaka si adui siku zote. Mchumaji aliye juu ya mkarafuu akiona nyoka tawini, moyo wake hupiga mbio, pumzi hukaza, viganja hutoa jasho. Tezi mbili ndogo zilizo juu ya mafigo zimekwisha mwaga adrenalini katika damu, ili apate nguvu ya kushika tawi na kushuka salama. Mtaalamu wa Kimarekani, Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyaeleza mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1915. Ndiyo nguvu ile ile inayotufanya tuanue karafuu za jamvi zima wingu jeusi likitokea. Mvua ikipita, mwili hutulia, mtu akala, akalala.

Ubaya huja pale mvua ilipokwisha pita, na mwili bado wakimbia. Mwaka 1936 Dk. Hans Selye, aliyefanya kazi yake mjini Montreal katika Kanada, alionyesha kwamba panya waliotiwa katika taabu za namna mbalimbali, kama baridi, majeraha au kazi ya kupita kiasi, wote walipatwa na madhara ya namna moja: tezi za juu ya mafigo zilivimba, na vidonda vikatokea tumboni. Kwa binadamu, mashaka ya muda mrefu hupandisha shinikizo la damu, huharibu usingizi, na hudhoofisha kinga ya mwili.

Basi dalili za kuangalia ni hizi. Usingizi kukatika usiku baada ya usiku. Kichwa, shingo au tumbo kuuma bila ya sababu inayoonekana. Hasira za karibu kwa watu wasio na kosa. Kusahausahau na kushindwa kuamua hata jambo dogo. Kuzidisha sigara au ulevi. Kuwakimbia watu. Dalili moja kwa siku moja si kitu. Dalili tatu au nne, na zimekaa wiki kadha, ni ujumbe kutoka mwilini, nao wataka kujibiwa.

Sisi wakulima tuna sababu zetu maalumu. Mkarafuu huzaa sana mwaka mmoja, na mwaka wa pili ukakataa. Karafuu hukodishwa zingali mtini, na deni likatangulia mavuno. Wenzetu wa Kyela wana yao pia: mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipanda mpaka ikapita dola 10,000 kwa tani, na mwaka 2025 ikaporomoka. Mtu aliyekwisha ahidi kujenga nyumba kwa bei ya juu hubaki na matofali na mawazo.

WALIVYOFANYA WATU WA KYELA

Mzee yule hakutuuliza tuna nini. Alitukalisha chini ya mti pamoja na majirani zake watatu, ikaletwa ndizi na samaki, yakaanza mazungumzo ya kawaida. Alituambia kuwa kwa lugha yao kukaa hivi kwaitwa "ukwangala", yaani kukaa na wenzio kwa furaha, kula pamoja na kuzungumza kama watu walio sawa.

Jambo hili limeandikwa tangu zamani. Bwana Godfrey Wilson na mkewe, Bibi Monica Wilson, walikaa miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na mwaka 1951 Bibi Monica akatoa kitabu kiitwacho Good Company, ambacho jina lake latokana na neno hilo hilo. Alieleza kuwa zamani watoto wa kiume, wakifika umri wa miaka 10 hivi, walitoka kwa wazee wao wakajenga vibanda vyao pembeni. Walirudi kwa mama zao kula, lakini kulala na kuzungumza kulikuwa na marika wenzao, nao wakakaa pamoja hivyo mpaka uzee. Vijiji vya namna ile havipo tena, bali thamani ya mazungumzo imebaki.

Tena aliandika kwamba Wanyakyusa waliogopa sana hasira iliyofichwa moyoni. Ndugu waliokosana walipokutana katika mambo ya ukoo, iliwapasa kutamka wazi kinyongo chao. Waliamini kuwa hasira isiyosemwa huleta maradhi, na kwamba ikisemwa huwa kama imetapikwa.

Hatutaki kupamba. Imani hiyo hiyo kwamba hasira ya jirani huleta ugonjwa ilizaa pia tuhuma za uchawi, na watu waliumizwa kwa tuhuma hizo. Sehemu hiyo hatuichukui. Twachukua ile inayopatana na akili na dini yetu. Sisi tumefundishwa kuwa haifai Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na kwamba mwenye hasira akiwa amesimama akae, na akiwa amekaa ajinyooshe. Mafundisho hayo yana siri kubwa: yatutaka tuvunje mashaka mapema, kabla hayajapata nyumba.

Wala si Kyela peke yake. Katika Zimbabwe watu husema "kufungisisa", maana yake kufikiri kupita kiasi. Dk. Dixon Chibanda wa huko alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi karibu na zahanati na kuwasikiliza wenye mashaka, kisha kumsaidia kila mmoja achague tatizo moja la kushughulikia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa na bibi hao walikuwa na nafuu zaidi kuliko wenzao waliopata matibabu ya kawaida.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, litaje jambo lenyewe. Usiseme "mambo mengi". Sema "deni la wachumaji" au "ugomvi wa shamba la urithi". Mashaka yenye jina huwa na mpaka.

Pili, mwambie mtu mmoja unayemwamini kabla ya siku tatu kupita. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Tatu, chagua sehemu moja unayoweza kuifanya wiki hii, uifanye. Mvua na bei hatuwezi kuziamuru. Jamvi twaweza kulianua.

Nne, mwili nao una haki yake. Usiache kula, tembea, lala kwa saa zako. Mashaka yakikubana usiku, vuta pumzi polepole, uitoe polepole zaidi, mara kadha, mpaka moyo ushuke.

Tano, usiache baraza, msikiti wala mazungumzo ya jioni kwa kisingizio cha kazi. Mwenye mashaka hutamani upweke, na upweke ndio mbolea ya mashaka.

Ukiona kifua chauma, nenda hospitali upesi. Usidhani ni mawazo tu. Na mtu akikaa wiki mbili mfululizo katika huzuni, au akisema maisha hayana faida, msimcheke wala msimwache peke yake. Mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo. Maradhi ya akili yana dawa na waganga wake kama homa, na si aibu.

Jioni ya siku ile tulishuka mpaka Matema. Wavuvi walikuwa wamepandisha mitumbwi mchangani wakingojea upepo utulie. Hapo ndipo tulipowaambia wenzetu wawili habari za magunia. Walikaa kimya kwa muda, kisha mkubwa wao akauliza, "Siku zote hizi, bwana, ulikuwa ukizibeba peke yako?" Hatukuwa na jibu.

Tuliporudi tulimwambia Mweka Hazina, kisha Halmashauri. Magunia hayakuonekana. Tumekubali kuyalipa kidogo kidogo, na jambo lenyewe litaletwa mbele yenu katika Mkutano Mkuu. Mkiona tunastahili lawama zaidi, mtasema. Tangu sasa kila mzigo utahesabiwa na watu wawili, hata mvua inyeshe namna gani. Lakini usiku ule wa Matema, ingawa deni lilikuwa bado lipo na hakuna aliyetusamehe, tulilala mpaka alfajiri.

Basi mwanachama ukikutana nasi ghalani, ukatuuliza tumelalaje, tutakujibu kweli. Nasi tukikuuliza, tafadhali usituambie "salama" kwa mazoea tu.

Wassalaam,
Katibu