Akisi na mpindo wa mwanga

Akisi na mpindo wa mwanga ni matukio mawili yanayotokea mwanga unapofika kwenye mpaka kati ya vitu viwili vinavyoupitisha, kwa mfano hewa na maji au hewa na kioo. Sehemu ya mwanga hurudi upande ulikotoka. Hiyo ni akisi. Sehemu nyingine huvuka mpaka na kwa kawaida hubadili uelekeo; huo ni mpindo.

Matukio haya hutokea pamoja, ingawa shuleni mara nyingi hufundishwa kama mada mbili zisizohusiana. Abiria wa basi linalotoka Makambako kwenda Njombe usiku huona uso wake dirishani taa za ndani zikiwaka. Kioo cha dirisha, ambacho kazi yake ni kupitisha mwanga, huakisi takriban asilimia 4 ya mwanga unaokiangukia wima, na hivyo katika kila uso wake, wa ndani na wa nje. Mchana akisi hiyo ipo vilevile, ila mwanga mwingi wa nje huifunika.

== Sababu ya mpindo ==

Mwanga hupinda kwa sababu kasi yake hubadilika. Katika hewa husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, katika maji 225,000, na katika kioo cha kawaida 200,000 hivi. Ni kama lori linaloacha lami kwa mshazari na kuingia kwenye matope: magurudumu ya upande mmoja hutangulia kupunguza mwendo, na lori huvutwa kuelekea upande huo. Likiingia kwa kunyooka, magurudumu yote hupungua mwendo pamoja na lori halipindi. Mwanga unaoanguka wima juu ya maji nao haupindi.

Kiasi cha mpindo kilielezwa na Ibn Sahl huko Baghdad mnamo mwaka 984, kisha Mholanzi Willebrord Snellius akakigundua tena mwaka 1621. Kanuni huitwa kwa jina la huyu wa pili, jambo ambalo si haki sana. Inasema kwamba ukigawanya saini ya pembe ya kuangukia kwa saini ya pembe ya mpindo, jibu ni lilelile daima kwa vitu viwili hivyo. Kutoka hewani kwenda majini ni 1.33, na kwenda kwenye almasi ni 2.42. Pembe zote hupimwa kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya mpaka, si kutoka kwenye mpaka wenyewe. Hapo ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama.

== Kina cha maji ==

Mwanga unaotoka chini ya bwawa hupinda unapoingia hewani, lakini jicho huufuata kana kwamba umekuja kwa kunyooka. Kwa hiyo maji yakitazamwa kutoka juu huonekana na robo tatu tu ya kina chake: mita 2 huonekana kama mita 1.5. Anayetazama kwa mshazari akiwa ukingoni huona kina kifupi zaidi. Mtoto asiyejua kuogelea anaweza kudanganyika na maji maangavu kuliko na maji ya matope, kwa kuwa anaiona sakafu na kuamini ataifikia. Fimbo ndefu hupima vizuri kuliko macho.

== Ukungu ==

Maji ni maangavu, lakini ukungu wa Njombe, ambao ni matone madogo ya maji hayohayo, ni mweupe na huziba njia. Kila tone ni mpaka: mwanga kidogo huakisiwa, unaobaki hupinda ukiingia na ukitoka. Baada ya kupita matone mengi, mwanga huwa umetawanyika kila upande. Dereva anayewasha fulu ndani ya ukungu hurudishiwa mwanga wake machoni na kuona ukuta mweupe. Taa za chini humsaidia zaidi.

== Akisi kamili ya ndani ==

Mwanga unaotoka majini kwenda hewani kwa pembe inayozidi nyuzi 49 hauvuki kabisa. Wote huakisiwa ndani. Pembe hiyo huitwa pembe kikomo, na kwa kioo cha kawaida ni nyuzi 42 hivi. Tukio hili hutokea tu mwanga ukiwa upande ambao kasi yake ni ndogo.

Intaneti hutegemea tukio hilo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009 na ambao hufika pia Makambako, una nyuzi za kioo zenye kiini kilichozungukwa na kioo kingine kinachopitisha mwanga kwa kasi kubwa kidogo. Mwanga huakisiwa kwenye mpaka wa vioo hivyo bila kutoka, na kilomita 600 huzimaliza kwa takriban elfu 3 za sekunde, yaani 3/1000. Uzi ukikunjwa sana, pembe hushuka chini ya kikomo na mwanga huvuja. Ndiyo maana mafundi huuzungusha kwa mizingo mipana na kamwe hawaukunji kama waya wa umeme.