Barua za fundi wa Lamu zipo London, za mzee wetu zafungia karanga

Kabla hujazichana zile barua za mpenzi wako wa zamani, hebu nisikilize kidogo.

Kulikuwa na jamaa wa Lamu, Kenya, jina lake Muhamadi Kijuma. Alizaliwa miaka ya 1850, akafariki 1945. Bwana huyu alikuwa kiboko! Kuchonga mbao yumo, kupiga kibangala yumo, ngoma yumo, mashairi ndiyo usiseme. Akishika kalamu kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wenyewe tu ni pambo. Ndiye aliyeuandika Utendi wa Fumo Liyongo mwaka 1913.

Sasa sikia. Wataalamu wa Ulaya walimjua na wakawa wateja wake. Alikuwepo mama Alice Werner, akaja William Hichens, halafu Mjerumani Ernst Dammann aliyekuwa Lamu miaka ya 1936 na 1937. Walitaka tenzi za zamani, naye akawanakilia kwa malipo. Leo ukienda chuo cha SOAS, Chuo Kikuu cha London, utakuta karatasi zake zimetunzwa, barua zikiwemo. Nyingine zipo Ujerumani.

Wapo wanaong'aka kwamba Wazungu wamebeba mali yetu. Mimi siendi huko moja kwa moja. Mzee alikuwa anauza kazi yake kama fundi yeyote, na wala hakuwa mjinga. Kinachoniuma ni kwamba kijana wa Lamu anayetaka kuona mwandiko wa babu yake, njia yake inapita London.

Lakini angalau njia ipo. Kwa sababu ya karatasi hizo, Mohamed Abou Egl aliweza kuandika tasnifu nzima ya maisha ya Kijuma hapo SOAS mwaka 1983, na mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke wakatoa kitabu kinene. Tungo tupu zingetupa mshairi. Barua ndizo zinazotupa mtu, na shida zake na wateja wake.

Haya niliyawaza nikiwa mbali kabisa na Lamu. Nilikuwa nimeteremka kutoka Mbinga, nikaiacha kahawa na ngoro za Wamatengo kule juu milimani, hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kumwona mtunzi mmoja wa mganda. Kama huijui mganda, pole yako. Wanaume wamepanga mstari, nguo nyeupe zimepigwa pasi, miguu inakwenda kijeshi kabisa maana mtindo wenyewe ulitokana na gwaride la askari wa enzi za ukoloni. Kina mama nao wana kioda yao, na wakiianza hapakaliki.

Mzee ana daftari tatu za nyimbo alizotunga. Ndani yake mna waliozama ziwani, bei ya kahawa iliyoporomoka, na mafumbo ya kuwachoma wapinzani wa kijiji cha pili. Pia ana bahasha ya barua za mialiko, zile walizokuwa wakipelekeana vikundi kwa mitumbwi kupanga mashindano.

Daftari zilikuwa nne. Moja mjukuu wake ameichana, amefungia karanga za kuuza stendi.

"Braza, makaratasi ya babu nani atayasoma?" akaniuliza, tena bila ubaya wowote.

Babu yake hakugomba. Alisema tu, "Zikiisha hizi, itabaki miguu. Maneno hakuna."

Nikamwambia kijana kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina sehemu ya maktaba iitwayo East Africana, na kwamba watu huko wangeweza kuulizwa. Mzee akakataa daftari zisiondoke nyumbani. Nilimwelewa; zikishapanda basi la Songea, nani anajua?

Tukakubaliana kupiga picha kwa simu ya yule yule muuza karanga. Kijana akashika simu, mimi nikafunua kurasa, mzee akawa anatukaripia tukiruka beti. Chaji ilikata tukiwa kwenye daftari la pili.

Barua bado. Hizo mzee anataka azisome mwenyewe kwa sauti huku zikirekodiwa, kwa sababu, anasema, mwandiko wa katibu wa kikundi pinzani hakuna binadamu mwingine aliye hai anayeuweza.