Lugha za kompyuta vyuoni: Ukoo mmoja, mitego mingi

Na Mwandishi Wetu

MZAZI anayemlipia mwanawe ada ya shahada ya sayansi ya kompyuta huenda akashangaa siku atakapoiona orodha ya masomo yake. Kijana anaweza kuanza na lugha ya C, baadaye akafundishwa C++, kisha Java, na kabla hajahitimu akaambiwa aanze C#.

Swali linalomjia mzazi huyo ni la haki. Je, chuo kinamfundisha mtoto jambo lile lile mara nne, au kinamtwisha lugha nne ambazo hataimudu hata moja?

Jibu ni kwamba lugha hizo ni za ukoo mmoja. Aliyeishika vema ya kwanza hupunguziwa sehemu kubwa ya kazi katika zinazofuata. Hata hivyo, undugu huo huo ndio unaowaponza wanafunzi, kwa kuwa huwafanya waamini kwamba vinavyofanana kwa sura vinafanana pia kwa tabia.

Mfano ulio karibu nasi ni lugha za Kibantu. Msemaji wa Kiswahili akisikia "omuntu" ya Waganda au "munhu" ya Wasukuma, hutambua mara moja kuwa anatajwa mtu. Lakini akifika Kinshasa na kusikia "moto" katika Kilingala, akadhani kuna nyumba inayoungua, anaweza kuwa amekosea. Huenda hapo pia anatajwa mtu, na wingi wake ni "bato".

Ukoo ulivyoanza

C ilitungwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika Maabara za Bell, jimboni New Jersey, Marekani. Ilitokana na lugha iliyoitwa B, ya mwenzake Ken Thompson, nayo B ilichota mengi kutoka BCPL, iliyotungwa na Martin Richards wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza.

Mwaka 1973 mfumo endeshi wa Unix uliandikwa upya kwa C. Hatua hiyo ilirahisisha kuuhamisha mfumo huo kutoka aina moja ya kompyuta hadi nyingine, na kila Unix ilipofika chuoni, C nayo iliingia.

Mwaka 1979, Bjarne Stroustrup, raia wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi katika maabara hizo hizo, alianza kuiongezea C mbinu aliyoikuta katika Simula, lugha iliyobuniwa Norway. Mbinu hiyo ni ya kuweka pamoja taarifa za kitu na kazi zinazokihusu. Mwaka 1983 zao lake likapewa jina la C++.

Java ilitangazwa mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems, kutokana na kazi iliyoongozwa na James Gosling. C# ilifuata mwaka 2000 kutoka Microsoft, mbunifu wake mkuu akiwa Anders Hejlsberg.

Kwa macho, ndugu hawa wanne hawafichi nasaba yao. Sentensi hufungwa kwa nukta mkato, mafungu ya maagizo hufumbatwa na mabano yaliyopinda, na namna ya kuweka sharti au kurudiarudia kazi ni karibu ile ile.

Wala si maneno mengi ya kukariri. Toleo la C lililosanifiwa mwaka 1989 lina maneno maalumu 32 tu. Kwa hiyo mwanafunzi anayeshindwa, mara nyingi hashindwi na msamiati.

Mitego ilipo

Mtego wa kwanza ni mdogo, lakini hunasa wengi. Ukiiagiza C, C++, Java au C# igawanye 7 kwa 2, utapata 3, kwa sababu namba zote mbili ni nzima na sehemu ya desimali hutupwa. Fanya hivyo katika JavaScript, lugha ya mwaka 1995 iliyoazima mavazi ya ukoo huu, utapata 3.5. Anayekokotoa wastani wa alama za darasa bila kulijua hilo atawapunja wanafunzi, na kompyuta haitamwonya.

Mtego wa pili ni wa nakala. Chukua programu ya benki yenye akaunti ya kwanza, kisha uandike kwamba akaunti ya pili ni sawa na hiyo. Katika C++, kwa kawaida unapata nakala inayojitegemea. Katika Java, unapata majina mawili ya akaunti ile ile. Ukitoa Sh10,000 kwa jina moja, zimetoka kwa yote mawili. Sentensi ni moja, matokeo ni mawili.

Mtego wa tatu ndio mzito kuliko yote, nao unahusu kumbukumbu ya kompyuta. Katika C, mwandishi wa programu huomba nafasi, huitumia na kuirudisha mwenyewe. Java na C# zina mtunzaji anayekusanya nafasi zisizotumika, na pia husimamisha kazi na kutoa taarifa ya kosa pale programu inapojaribu kusoma nje ya mipaka ya orodha. C haina mlinzi wa namna hiyo.

Gharama yake ilionekana Aprili 2014, ilipotangazwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed. Ilikuwa katika OpenSSL, programu iliyoandikwa kwa C na kutumiwa na tovuti nyingi duniani kulinda mawasiliano.

Mtumaji aliweza kutuma ujumbe mfupi huku akidai kuwa ni mrefu. Programu haikuhakiki dai hilo, ikamrudishia ujumbe wake pamoja na hadi kilobaiti 64 za yaliyokuwa jirani katika kumbukumbu, ambayo yangeweza kuwa maneno ya siri ya watu wengine. Kasoro hiyo ilikuwa imekaa zaidi ya miaka miwili bila kutangazwa.

Ajifunzeje?

Kijana aliyeanza na Java na kuhamia C bila kuambiwa haya huandika C kwa mazoea ya Java, akisubiri mlinzi ambaye hayupo. Aliyeanza na C naye huenda Java akiogopa nakala zisizokuwapo.

Dawa ni kuikabili kila lugha mpya kwa maswali matatu. Nani anatunza kumbukumbu? Nikikipa kitu jina la pili, nimepata nakala au kitu kile kile? Kosa langu litakamatwa kabla programu haijaanza kazi, wakati inafanya kazi, au halitakamatwa kabisa?

Mwenye majibu hayo anaweza kuingia katika lugha ya nne kwa muda mfupi kuliko alioutumia kwa ya kwanza. Asiye nayo ataorodhesha lugha nne katika maombi ya kazi, kisha akwame anapopewa programu ya mtu mwingine airekebishe.

Hivyo, kijana anaporudi likizo, mzazi asimuulize amejifunza lugha ngapi. Amuulize programu yake inafanya nini pale mtu anapoiandikia jambo ambalo haikulitarajia. Jibu lake litaonyesha kama ada imefanya kazi.